Barua ya wazi kwa wakubwa wa mawasiliano: simu itoke boksini ikiwa na adabu

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano, kwa wakubwa wa Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa baraza linalotusemea sisi watumiaji, na kwa mabosi wa mitandao ya simu pamoja na nyie mnaoingiza simu nchini.

Asalaam aleykum, habari za kazi, na shikamooni wote mlionizidi umri.

Mimi ni fundi simu hapa Ngamiani, Tanga. Kazi yangu ni vioo, betri, mifumo ya chaji, spika zilizoziba mchanga, na simu za wavuvi zilizoingia maji ya bahari ambazo ndo kesi ngumu kuliko zote. Nawaandikia kwa jambo moja tu. Simu zinazouzwa kwa ruhusa yenu zinatoka boksini zikiwa zimewashwa kila kitu cha kumsumbua mtu, na kila kitu cha kumpa mtu utulivu kimezimwa au kimefichwa ndani huko asikofika mtu, halafu huku mtaani lawama zote anatupiwa mtoto, mama yake, na hiki kinachoitwa kizazi cha siku hizi. Naomba tuliangalie upya hili, maana mwenye uwezo wa kulibadilisha sio yule mama, ni nyie.

Niwaambie ninachokiona mezani kwangu. Mtu analeta simu anasema fundi betri imekufa, haikai, nimechaji asubuhi mchana imezima. Kabla sijachukua bisibisi naingia setingi, upande wa betri, pale panaonyesha kila apu imekula chaji kiasi gani na imekaa wazi kwa muda gani. Mara nyingi sana betri ni nzima. Unakuta masaa sita, masaa saba ya video fupi kwa siku moja, na mwenye simu nikimwonyesha anashtuka kweli, anakataa, anasema hapana fundi hiyo itakuwa imejifungua yenyewe. Hawaongopi hawa watu. Hawajui. Muuza mitumba, mama wa genge, kijana wa bajaji, mwalimu, wote wanashtuka vilevile, na hakuna hata mmoja aliyeamka asubuhi akapanga leo natoa masaa saba yangu niwape watu nisiowajua.

Kuna mama wa Makorora alikuja na simu ya mwanawe aliyekuwa anajiandaa na mtihani wa kidato cha nne. Kaifunga kwenye pindo la kanga kama mtu aliyeficha hela, akaiweka mezani akasema, "Fundi mwanangu, ipige hii mpaka ibaki ya kupigia na kupokea tu." Nikamuuliza mama'ngu, huyu kijana analala saa ngapi? Akasema hajui, ye akilala anamwacha na simu, na akiamka kuswali alfajiri anamkuta na simu. Mama huyu alishampokonya, alishamchapa, alishamweka chini akamsomea, na mjomba mtu alishaitwa. Yote ambayo familia inaweza kufanya ilifanya. Nikamfanyia nilichoweza, nikazima huku, nikafunga kule, nikamwekea ukomo wa muda kwenye apu mbili tatu, lakini najua kabisa mtoto wa miaka kumi na saba akikaa na simu nusu saa ataifungua kazi yangu yote, kwa sababu ile simu haikutengenezwa ifungwe.

Hapa ndo ninapotaka mnisikilize vizuri. Mtu akinunua simu mpya anabadilisha vitu vitatu: picha ya mbele, mlio, na ukubwa wa maandishi kama macho yamechoka. Basi. Yaliyobaki yanakaa kama yalivyotoka kiwandani mpaka siku simu inaingia maji. Kwa hiyo anayeamua maisha ya simu ya mtu wa Mabawa au Chumbageni au Duga ni yule aliyekaa ofisini mbali huko akasema hiki kije kimewashwa na kile kije kimezimwa. Uamuzi wake unageuka kuwa maisha ya mamilioni ya watu ambao hawatokaa waione ile sehemu ya setingi. Tanga huu ni mji wa baiskeli, tangu zamani, na hakuna duka hapa linalouza baiskeli breki ikiwa imefungwa kwenye mfuko chini ya siti, na maelezo ya kuifunga yameandikwa kwa lugha ya mbali, halafu mtoto akiingia mtaroni tukasema hana nidhamu.

Na waliotengeneza haya mambo wanajua walichofanya, wengine wamesema hadharani. Aza Raskin ndiye aliyebuni mwaka 2006 ule mtindo wa kushuka na kushuka bila ukurasa kuisha, na baadaye akatoka kusema anajutia. Zamani ukurasa ulikuwa na mwisho, ukifika chini inabidi ubonyeze kwenda mbele, na pale kwenye kubonyeza ndipo akili ilipokuwa inapata nafasi ya kujiuliza hivi naendelea au naenda kulala. Waliondoa pale pa kujiuliza. Tristan Harris, alikuwa Google, mwaka 2013 aliandika maelezo ya ndani akiwaambia wenzake kwamba wana wajibu wa kuheshimu umakini wa watu, na mwaka 2018 yeye na wenzake wakaanzisha taasisi inayodai teknolojia ya kiutu. Mwaka 2021 Frances Haugen akatoa nje nyaraka za kampuni ya Facebook alipokuwa anafanya kazi, na ndani yake mlikuwa na utafiti wa kampuni yenyewe unaoonyesha Instagram inawafanya baadhi ya wasichana wajione vibaya zaidi kuhusu miili yao. Yaani walipima wenyewe, wakaona wenyewe.

Kuna na ile ya kuvuta kioo chini ili vitu vipya vije. Wanasaikolojia wanaijua siku nyingi, B. F. Skinner alifanya majaribio na njiwa, akaona njiwa akipewa punje bila mpangilio, mara anapata mara hapati, anadonoa zaidi na hachoki haraka kuliko akijua punje inakuja lini. Kuvuta kioo ni hivyohivyo, leo kuna meseji, kesho hakuna, mara watu ishirini wamelaiki picha, mara hakuna hata mmoja, na ule usijue-kuna-nini ndo unaomrudisha mtu. Sasa mkiweka hiki kitu mkononi mwa mtoto wa darasa la saba usiku, peke yake, kwenye kitanda, mnategemea nini?

Mi sichukii simu, jamani, simu ndo zinanilisha. Na nimeona wema wake kwa macho yangu. Bibi wa Msambweni asiyejua kusoma anapokea sauti ya mjukuu wake aliyeko Muscat, anaisikiliza hata mara kumi, analia anacheka, hiyo ni simu inafanya kazi ya mtu. Wavuvi wa Sahare na wa pale Deepsea wanaangalia upepo kabla hawajatoka, na wengine nadhani wako hai kwa sababu hiyo. Kuna mtu wa kisukari simu inamkumbusha dawa. Kuna adhana, mtu kaweka mwenyewe, kaiomba, inamwita kwenye jambo analolitaka. Angalieni tofauti ya hizo na ile taarifa inayoingia saa nne usiku kusema fulani usiyemjua ameweka video, au rudi uchukue bonasi yako, au tumekumisi. Hakuna aliyeiomba. Mi ningetaka kipimo kiwe hichohicho: mwenye simu kaiomba au hajaiomba? Aliyopigiwa na mtu, aliyoandikiwa na mtu, na aliyoiweka mwenyewe zipite. Nyingine zote zije zimezimwa, anayezitaka aende akaziwashe, njia ya kwenda kuwasha nina hakika wenye apu wataionyesha vizuri sana.

Na hili linawezekana kiufundi, msidanganywe. Android 13, ilitoka 2022, apu mpya ukiiweka lazima ikuombe ruhusa kwanza ndo ikutumie taarifa, na iPhone wanauliza siku nyingi. Shida ni kwamba simu nyingi zinazofika mezani kwangu ni za matoleo ya nyuma ya hapo, maana ndo zinazonunulika, na zinakuja zimeshajaa maapu yaliyowekwa na kiwanda ambayo hata kufuta huwezi, unaweza kuyazima tu, na mengine hata kuzima hayakubali. Kuna simu zinaweka matangazo mpaka kwenye kioo kabla hujaifungua. Mtu kanunua simu kwa hela ya korosho au ya kibubu, akadhani ni yake, kumbe kuna watu wengine wameshakodi kioo chake.

Watafiti nao wamelipima hili la taarifa. Kuna utafiti ulichapishwa 2019, watu walipewa taarifa zao za simu kwa mafungu, mara tatu kwa siku, badala ya kuingia moja moja kila dakika, na wakawa na utulivu zaidi na umakini zaidi. Lakini waliozimiwa zote kabisa walipata wasiwasi, wakihofia wanapitwa. Kwa hiyo hata dawa yenyewe inataka kipimo, ndo maana nasema kazi hii iwe ya wenye kubuni wakae wafikirie vizuri, isiwe ya mama wa Makorora na fundi wake. Profesa Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California kule Irvine amepima kwa miaka mingi watu wanakaa muda gani kwenye kitu kimoja kwenye skrini kabla hawajahama, mwaka 2004 ilikuwa kama dakika mbili na nusu, miaka ya karibuni ni sekunde 47 hivi. Sekunde 47. Mwalimu wa hisabati anajua hizo sekunde zinatosha kuandika swali ubaoni, hazitoshi kulifikiria.

Sasa nije kwenye hili la kwetu kabisa ambalo hakuna Mmarekani wa kumlaumu: bando la usiku.

Mabosi wa mitandao, nyie mnauza intaneti ya bei ya chini, ya kumwaga, kuanzia saa sita usiku mpaka alfajiri. Mchana MB zinauma, kijana anazihesabu kama shilingi, ikifika saa sita usiku mlango unafunguka. Mnategemea ataingia nani? Anaingia mtoto wa shule asiye na hela, anaingia dereva wa boda, anaingia dada wa kazi. Wataalamu wa usingizi wa Marekani walishasema tangu 2016 kwamba kijana wa miaka 13 mpaka 18 anahitaji masaa 8 mpaka 10 ya kulala. Mwanafunzi wa hapa mjini anatakiwa awe ameamka saa kumi na moja, aoge, atembee, awahi namba. Akianza bando saa sita akaliacha saa tisa, amelala masaa mawili, na kesho tena. Halafu matokeo yakitoka tunakaa barazani na kahawa tunasema watoto wa Tanga hawasomi. Na yule wa boda aliyekesha na bando anambeba mgonjwa kumpeleka hospitali ya Bombo asubuhi, anambeba abiria wa kuwahi basi Kange, macho yamemvimba. Mi nimeshabadilisha vioo vya simu vilivyopasukia kwenye ajali za namna hiyo, na vioo ndo kitu kidogo kabisa kilichopasuka siku hiyo.

Najua mtanambia usiku minara iko mitupu, ndo maana tunaweza kuuza rahisi. Naelewa, na mi sisemi muuze ghali. Nasema mbuni kitu kingine kwenye utupu huohuo. Uzeni bando la usiku la kupakua: mtu anachagua jioni anachotaka, somo, mechi, mawaidha, muziki, filamu, simu inajipakulia yenyewe saa nane usiku ikiwa imefungwa kioo na mwenyewe amelala, asubuhi anakuta kipo. Mnara umetumika, hela mmepata, mtoto amelala. Au rahisi hiyo iwekeni saa kumi na moja alfajiri mpaka saa moja asubuhi, wanaotaka bei nafuu waamke mapema. Wataalamu wa kuunda vifurushi mnao, kila wiki mnatuletea kifurushi kipya chenye jina jipya, hamuwezi kukosa akili ya hili moja.

Halafu kubeti na mikopo. Laini nyingi za watoto zimesajiliwa kwa kidole cha mama au cha baba, maana ndo utaratibu. Kwa hiyo mfumo wenu unaamini kwamba anayeletewa meseji ya kubeti ni mtu mzima wa miaka arobaini, wakati simu iko kwenye mkoba wa shule. Na nyumba nyingi za huku simu ni moja ya tachi, inazunguka, asubuhi baba, mchana mama, jioni watoto wanafanyia homuweki. Mtoto anafungua kuangalia picha ya swali alilotumiwa kwenye grupu la darasa, juu yake inashuka meseji, shinda milioni, cheza sasa. Kile kindege cha kubeti, ule mchezo wa ndege inayopaa kwenye kioo, wanakijua watoto ambao hawajabalehe. Na ukitaka kujitoa kwenye hizo meseji, lo, kuingia ni kugusa mara moja, kutoka tuma neno kwenda namba hii, kisha subiri, kisha jaribu tena baadaye. Mi mwenyewe ni fundi na kuna promosheni zimenishinda kuzitoa kwenye simu za wateja. Iwekwe sheria moja nyepesi: hatua za kutoka zisizidi hatua za kuingia. Na laini mpya ije ikiwa haipokei tangazo lolote la kubeti wala la mkopo mpaka mwenye laini aombe.

Msiseme hamna uwezo, maana uwezo tumeuona. Mwezi wa Juni 2016 TCRA mlizima simu feki nchi nzima, nakumbuka, watu walikuja mezani kwetu wengi na simu zimekuwa vigae, na kabla ya hapo kila mtu alikuwa anabonyeza *#06# anaangalia namba ya utambulisho wa simu yake (IMEI). Mkaweza kusema simu isiyo na sifa hii haishiki mtandao Tanzania, na ikawa. Mlileta usajili wa laini kwa alama za vidole, nchi nzima ikapanga foleni. Kanuni za vifurushi za 2021 ziliwataka mitandao wamjulishe mteja bando lake linapokwisha, yaani mlishaingia mpaka ndani ya jinsi huduma inavyoongea na mtu. Novemba 2024 Benki Kuu ikafungia maapu 69 ya mikopo ya mtandaoni, yale ya kausha damu, ambayo ukiyapakua yanataka kusoma majina yote kwenye simu yako, mtu anabonyeza kubali kwa sababu asipokubali hayamuachi aendelee, siku akichelewa rejesho meseji za kumdhalilisha zinakwenda kwa shemeji, kwa bosi, kwa imamu wa msikiti. Nina wateja walioitupa laini waliyokuwa nayo miaka kwa aibu hiyo. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 tayari inafanya kazi tangu Mei 2023, kwa hiyo Tume, kile kitufe cha kubali kisichokuwa na kukataa kiko mikononi mwenu.

Na wenzenu nje wameshaonyesha kwamba kampuni kubwa zikibanwa zinabadilika. Uingereza wana kanuni za ubunifu unaozingatia umri, zilianza kubana Septemba 2021, zinataka huduma ambazo watoto wanaweza kuzitumia zije na mpangilio wa usalama wa juu tangu mwanzo, na zinakataza vile visukuma-mtu vya kumvuta mtoto atoe taarifa zake. Mwaka huohuo YouTube ikazima kujicheza kwenyewe kwa video kwa wenye chini ya miaka 18, ije imezimwa, anayetaka awashe. Ulaya mwaka 2024 TikTok walileta toleo linalompa mtu pointi za zawadi kwa kuangalia video, wakubwa wa Umoja wa Ulaya wakahoji, na kufikia Agosti kampuni ikawa imejifunga kisheria kuliondoa lile la zawadi kule kwao. WhatsApp walipopunguza mwaka 2020 kufowadi, ule ujumbe uliokwisha kufowadiwa sana uende kwa mtu mmoja tu kwa wakati, walisema kufowadi kwa namna hiyo kulishuka kwa asilimia 70. Hakuna aliyefungwa, hakuna aliyehubiriwa, walibadilisha kitufe.

Australia wameenda mbali zaidi, wameweka sheria chini ya miaka 16 asiwe na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii, imeanza Desemba 2025. Mi hiyo siwaombei tuige, na nisingependa mtu aichukue barua yangu akaitumia kufungia. Huku kwetu mtoto anapata notisi za somo kwenye grupu la WhatsApp, anaangalia jaribio la kemia YouTube kwa sababu shule yake maabara haina vifaa, na simu yenyewe ni ya mama. Ukimfungia mtoto umemuadhibu mtoto, aliyebuni mtego umemuacha anakunywa chai. Na vijana wa huku nawajua, mlango ukifungwa wanapanda dirishani, wakifika huko dirishani ndo hakuna hata ulinzi mdogo uliokuwepo. Mi nataka apu ibanwe, mtoto aachwe asome.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema maslahi bora ya mtoto yatangulie, na mtoto ni yeyote chini ya miaka 18. Haikusema isipokuwa kwenye simu.

Kuna kimoja bado, hili la simu moja nyumba nzima. Android ina uwezo wa watu kadhaa kutumia simu moja, kila mmoja na upande wake na namba yake ya siri, na kwenye simu uwezo huo upo tangu toleo la 5 la mwaka 2014. Simu nyingi za bei rahisi ninazofungua hapa, sehemu hiyo imeondolewa. Imeondolewa kwenye simu za watu wanaochangia simu, imebaki kwenye baadhi ya simu za watu wenye simu mbili mbili. Mkiidai irudishwe, mama atakuwa na upande wake, mtoto na wake, huo wa mtoto unafunga wenyewe saa tatu usiku bila mtu kumpokonya mtu kitu wala nyumba kugeuka uwanja wa vita kila jioni. Na zile setingi za kuhesabu muda na kuweka ukomo zitolewe huko shimoni ziwekwe mbele, siku ya kwanza simu inapowashwa, kwa Kiswahili cha kueleweka, baada ya kuuliza lugha na saa iulize: unataka simu yako inyamaze saa ngapi usiku?

Waziri, TCRA, mnachohitaji mnacho. Kabla simu ya aina fulani haijaingia sokoni inapita kwenu ikaguliwe, mnaangalia mawimbi yake, mnaangalia namba zake. Ongezeni ukurasa mmoja kwenye ukaguzi huo: imetoka boksini na nini kimewashwa? Njooni Tanga na simu mpya za aina kumi zinazouzwa sana, tukae meza moja na mafundi wa Ngamiani, walimu wawili watatu, na kina mama ambao ndo wanabeba mzigo huu, tuzifungue moja moja tuwaonyeshe. Haitachukua siku nzima. Mkifika ulizeni tu mafundi simu wako wapi, mtu yeyote atawaleta, tuko hapa mpaka saa mbili usiku.

Na wakati hayo mengine yanasubiri vikao, bando la usiku halisubiri kikao cha mtu nje ya nchi. Limetungwa hapa, linauzwa hapa, linaweza kubadilishwa mwezi huu kabla ya mitihani. Naomba mlianzie hilo.

Wenu,
Fundi simu, Ngamiani, Tanga